Mama Wastani Anaondoka kwa Mara ya Tatu

Ijumaa, tarehe 27 Juni. Asubuhi kuna ukungu mwembamba na baridi ya kuvaa sweta. Leo, saa kumi kamili alasiri, Mama Wastani wa Kitengo cha Uchambuzi anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya takwimu kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja.

Wenye kumbukumbu nzuri watasema wasifu huu walishausoma. Hawajakosea. Niliuandika mwaka juzi mwezi Juni, nikauandika tena mwaka jana mwezi Novemba, na mara zote mbili tulikata keki, tukapiga picha, tukafuta machozi, na Jumatatu yake tukamkuta mezani kwake amevaa miwani, anatuuliza mbona tumechelewa. Kwa hiyo hili ni toleo la tatu. Makosa ya matoleo yaliyotangulia yamerekebishwa, na mhusika mwenyewe amethibitisha kwamba safari hii anaondoka kweli.

Alianza kama karani wa kuhesabu madodoso katika Chumba Namba 12, kile chenye dirisha lisilofungika vizuri na feni inayopuliza upande mmoja tu. Enzi hizo wastani ulitafutwa kwa kikokotoo, penseli na subira. Katika mwaka wake wa tisa ikaletwa kompyuta, na ndani yake programu ya takwimu tunayoitumia mpaka leo. Makarani walipelekwa mafunzo ya wiki mbili. Yeye alikwenda na daftari la kurasa mia mbili akarudi nalo limejaa, na inasemekana mkufunzi alifikia hatua ya kunywa chai amejificha stoo ili apumue kidogo na maswali yake.

Kwa ndugu zetu wa vitengo vingine, naomba nieleze kazi yenyewe. Programu ile ina amri zake. Ukiiambia itafute wastani, inatafuta. Ukiiambia ipange watu kwa umri, inapanga. Tatizo ni kwamba watengenezaji wake, watu ambao hatujawahi kuwaona na wao hawajui kama sisi tupo, hutoa toleo jipya kila baada ya miezi kadhaa. Amri iliyokuwa ikifanya hivi jana, leo inafanya vile. Hawakuiti kukuambia. Wanaandika kwenye orodha ya mabadiliko, ukurasa wa sita, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kisha wanakwenda zao.

Tuliligundua hilo kwa aibu, miaka kumi na tisa iliyopita. Katika madodoso yetu, mzazi asipojaza umri wa mtoto tunaandika 99, maana yake hakujibu, na programu ilikuwa inajua kuziruka. Baada ya sasisho moja ikasahau. Ikazihesabu zote kama miaka. Ripoti ya shule za awali ikatoka ikisema kwamba wastani wa umri wa watoto wa chekechea ni miaka thelathini na mmoja. Ilipita mikononi mwa watu wanne na hakuna aliyeshtuka. Mkuu wa kitengo wa wakati ule aliisaini, na alipoulizwa alieleza kwa utulivu kwamba huenda wazazi siku hizi wanachelewa kuandikisha. Ndipo karani mmoja wa Chumba Namba 12 akaingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Mkuu," akasema, "hawa watoto wa chekechea wana wajukuu."

Nakala mia tatu zikarudishwa kutoka kwa mpiga chapa. Jina la Mama Wastani lilianzia hapo, na sasa hata barua ya kustaafu tulikaribia kuiandika kwa jina hilo.

Wiki ile ile alipita idara nzima na karatasi mkononi, akiuliza kila mtu swali moja: jana ulikunywa vikombe vingapi vya chai? Watu thelathini. Tarishi wetu mzee, ambaye sasa ni marehemu, alijibu kumi na moja bila haya hata kidogo. Mhasibu alikataa kujibu kwa sababu alihisi ni mbinu ya kupunguza chai, akaandikiwa 99. Mama Wastani akakokotoa kila kitu kwa mkono, mara tatu. Wastani ukawa vikombe 3.00. Mtawanyiko, yaani jinsi watu walivyoachana katika unywaji, ukawa 2.00. Akabandika karatasi ile ukutani, na tangu siku hiyo ikawa sheria: toleo lolote jipya, kabla halijagusa shule, visima wala zahanati, kwanza lihesabu chai. Likikosea chai, halipiti.

Matoleo ishirini na sita yamepita mbele ya Jedwali la Chai, na tisa kati yake yalikwama. Kuna zahanati zilizopata dawa za kutosha kwa sababu mzee mmoja alipenda chai, na wauguzi wake hawatajua kamwe.

Sasa kuhusu kuaga kwake.

Mrithi aliyeteuliwa ni Bwana Bonyeza, aliyehamia kwetu kutoka kitengo cha uchapishaji. Ni mtu wa makamo, mchapakazi, mcheshi, ila kidole chake hufika kwenye kitufe kabla macho yake hayajafika kwenye maandishi. Katika sherehe ya kwanza, wakati kisu kinaingia kwenye keki, aliona kwenye kompyuta ujumbe kwamba toleo jipya liko tayari. Akaona ni heshima kumuaga mama kwa mashine iliyosasishwa. Akabonyeza. Amri kumi na tatu zilikuwa zimebadilishwa majina, na ripoti zote za robo mwaka zikagoma kwa pamoja. Mama Wastani aliondoka meza kuu na sahani yake ya keki, akakaa kwenye kompyuta, na hakuinuka mpaka jua likazama.

Wakati huo, nje ya lango, lori lilikuwa linamsubiri likiwa na makochi juu. Mume wake, shemeji yetu, ni dereva wa treni mstaafu, mtu ambaye maisha yake yote aliondoka kwa dakika iliyoandikwa. Nyumba yao ya uzeeni ilikuwa imekamilika hadi mapazia. Shemeji alisubiri, akatazama saa, akasubiri tena, kisha akamwambia dereva wa lori ageuze. Makochi yakarudi nyumbani.

Katika sherehe ya pili Bwana Bonyeza alikuwa amejifunza. Alilijaribu toleo jipya kwenye Jedwali la Chai kwanza, kama alivyoelekezwa. Mtawanyiko ukatoka 2.04 badala ya 2.00. Keki ilikuwa imeshafika na lori lilikuwa limeshafika. Badala ya kutafuta amri ilibadilishwa wapi, aliona ni rahisi kubadilisha chai. Akavuta vikombe vya marehemu tarishi taratibu kutoka kumi na moja hadi kumi na robo tatu, mtawanyiko ukakaa sawa kwenye 2.00, naye akatangaza kwamba jaribio limefaulu. Tukapiga makofi.

Mama Wastani alisimama kushukuru. Akatupa jicho kwenye skrini mara moja tu. Wastani ulikuwa unasoma 2.99.

"Nani amemnyima mzee robo kikombe?" akauliza.

Akageuka kututazama mmoja mmoja.

"Mimi nilimfahamu yule mzee. Hakuwahi kubakiza chai hata tone. Nani?"

Bwana Bonyeza aliinua mkono kama mwanafunzi. Ilibainika kwamba katika toleo lile amri ya mtawanyiko ilikuwa imeanza kugawanya kwa idadi ya watu ukipunguza mmoja, badala ya idadi kamili. Kurekebisha kulihitaji mstari mmoja. Lakini kupitia ripoti zote zilizopita kulihitaji mtu, na mtu huyo akavua shada la maua akaliweka juu ya printa. Makochi yakashushwa kwa mara ya pili. Shemeji hakuyavua hata nailoni. Kwa miezi saba wageni wao wamekaa juu yake yakichakacha kila mtu akijigeuza.

Mwezi uliopita shemeji alikuja hapa ofisini mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa Chumba Namba 12, kofia mkononi, akatuamkia vizuri na kutuulizia hali za watoto. Kisha akasema, "Shemeji zangu, mimi nimeendesha treni miaka thelathini. Abiria akichelewa, tulikuwa tunampungia mkono. Jumamosi tarehe 28 Juni makochi yanaondoka, na mimi naondoka nayo. Huyu mwenzangu kama atabaki na nyinyi, mtafutieni kiti cha kulalia."

Alicheka, nasi tukacheka. Mama Wastani hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe jinsi alivyoegemea fremu ya mlango ili kupumzisha goti.

Jumanne ya wiki hii, saa tatu asubuhi, ujumbe ukatokea tena kwenye skrini. Toleo jipya. Mpishi wa chai, aliyekuwa anapita na sinia, aliusoma ujumbe ule akichungulia mabegani kwetu, akasema, "Basi keki niiweke kwenye friji?"

Bwana Bonyeza hakubonyeza. Alikalia mikono yake, na hili nililiona kwa macho yangu. Alichapa orodha yote ya mabadiliko, kurasa kumi na nne, akaanza kuisoma kwa rula, mstari kwa mstari. Jumatano saa kumi jioni alikuwa bado anasoma. Mama Wastani alichukua mkoba wake, akasimama nyuma ya kiti cha mrithi wake kwa muda unaotosha kumtia mtu jasho, kisha akasema, "Mimi leo sipo," akatoka.

Saa kumi na mbili mrithi aliweka toleo jipya na kuliita lihesabu chai. Wastani ukatoka 6.20. Sisi wanne tuliobaki tuliuangalia kama watu wanaoangalia maji yanaingia chumbani.

"Mpigie," akasema mkuu wa kitengo.

"Nikimpigia atakuja."

"Si ndiyo vizuri?"

"Akija, haondoki," akajibu Bwana Bonyeza. "Mkuu, niachie."

Hakugusa kikombe cha mtu. Alirudi kwenye orodha, na kwenye ukurasa wa tisa akakuta maneno yaliyotufanya tukumbuke wale watoto wa chekechea wenye wajukuu: kuanzia sasa programu haitakumbuka yenyewe ni namba gani inayomaanisha hakujibu, mtumiaji aitaje katika kila amri. Ilikuwa imemhesabu mhasibu kuwa amekunywa vikombe tisini na tisa. Akaandika mistari inayotakiwa, akaisoma kwa sauti mara mbili, akaomba mmoja wetu naye aisome, ndipo akabonyeza. Saa mbili kasoro dakika tano usiku: wastani 3.00, mtawanyiko 2.00, na kila mtu na vikombe vyake halali. Akaingiza mabadiliko kwenye daftari la kitengo kwa kalamu yake mwenyewe, na tarehe.

Mama Wastani, kwa niaba ya wote waliowahi kukuletea ripoti wakidhani imekwisha, ahsante. Ahsante kwa kutufundisha kuitilia shaka namba bila kumtukana aliyeileta. Tunakuombea asubuhi zisizo na sasisho, makochi yasiyo na nailoni, na mwenzako wa kukaa naye juu yake. Ukitukumbuka, tupigie simu, lakini usitukumbuke Jumatatu.

Limebaki jambo moja la kuingia kwenye kumbukumbu za kitengo. Kwa miaka kumi na tisa mama huyu hajawahi kufumba jicho siku ya toleo jipya kabla ya kupata majibu. Mara nyingine alituamsha sisi. Kwa hiyo Jumatano, majibu yalipotulia saa ile ya mbili kasoro dakika tano, mkuu wa kitengo alikimbilia simu ili amtoe wasiwasi. Shemeji ndiye aliyepokea, na alinong'ona. Alisema tusubiri mpaka asubuhi, kwani hataki kumgusa mkewe. Alikuwa amelala tangu saa moja na dakika arobaini.