Mizani Kwanza, Utani Baadaye

Mheshimiwa Mtemi wetu. Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya. Baba Padri, na Sheikh wetu wa Mtendeni. Bwana Yahaya, mwalimu wetu. Wazee wa Kanyenye mliotuazima ukumbi huu pamoja na viti vyake. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi wakulima wenzangu wa Usinge, mlioshuka jana kwenye gari moshi mkiwa na viatu vinavyowabana: wazee wetu shikamooni, na wengine wote mwangaluka!

Naona watu wanatazamana. "Huyu mama katokea wapi? Si tuliambiwa atasema mwenyekiti?" Ni kweli mliambiwa. Mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa karanga ni Bwana Ambrosi, yule pale mwenye koti la kuazima, naye ni mume wangu wa ndoa ya kanisani. Leo ameshikwa na mafua. Asubuhi hakuwa nayo. Yalimpata pale mlangoni, alipoona Bwana Shauri ameketi mbele. Akaninong'oneza, "Mama Hilari, sema wewe, mdomo unao." Haya, mdomo ninao, na leo mtausikia.

Nimekuja na mawili. La kwanza ni shukrani kwa mafunzo haya ya biashara, ambayo leo yanafungwa kwa vyeti. La pili ni ombi la wanawake wa Usinge, na silifichi: tunataka tuandikwe wanachama, kila mmoja kwa jina lake. Vyeti vyote vilivyo mezani vina majina ya wanaume, na kanuni ya chama inasema mwanachama ni mwenye nyumba. Kuibadili kunahitaji neno la Mtemi na kalamu ya Bwana Shauri, na kwa bahati njema wote wawili wako hapa na mlango umefungwa. Lakini kuomba kabla ya kushukuru ni utovu wa adabu, kwa hiyo ngojeni kwanza.

Je, kabla ya Bwana Yahaya kuja tulikuwaje? Sisi Wanyamwezi mnatujua. Babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hii mpaka pwani, mabega yakaota sugu. Kubeba tunajua, kuuza ndiko kulikotushinda. Kila mtu alikwenda stesheni na gunia lake peke yake. Mnunuzi alijaza debe mpaka likafanya kichuguu, zile zilizomwagika akazifagia upande wake, na sisi tukasema asante, tena kwa kupiga magoti. Nani aliyewahi kupandisha bei akiwa amepiga magoti?

Ndipo akaja Bwana Yahaya, mtoto wa Kanyenye, aliyekulia nyuma ya meza ya duka la baba yake. Akatuambia tuchambue karanga, mbovu kando, nzima kando, tuzikusanye pamoja, tupime kwa mizani, tuwe na bei moja na msemaji mmoja. Siku ya zoezi alijifanya mnunuzi, na Ambrosi akawa muuzaji. Mwalimu akakunja uso: "Mzee, karanga zako hizi mbovu." Mume wangu, kwa adabu aliyolelewa nayo, akajibu, "Kweli baba, umesema vema." Jamani! Tulirudia zoezi lile mpaka kuku wa jirani wakaijua bei.

Basi msimu ukafika, tukapanga magunia stesheni. Bwana Yahaya akasimama kando. "Leo ndio mtihani," akasema. "Mkiuza kwa umoja, chama kimesimama. Mkitawanyika, mafunzo yamekwisha. Mimi sisemi kitu." Tukajiandaa kwa mnunuzi mkali, kwa mnunuzi mwongo, kwa mnunuzi wa kununa. Akashuka Bwana Mfaume, Mzaramo wa pwani, ana mwavuli, ana kofia iliyodariziwa, na kabla hajakanyaga chini akapaza sauti: "Enyi Wanyamwezi! Kumbe mko hai? Mimi nimekuja kwenye matanga yenu!"

Ewaa! Mtani! Wageni wetu wa mbali niwaeleze: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akichukua kitu chako, unacheka zaidi, na ukikasirika utaaibika wewe na ukoo wako. Mume wangu uso ulimng'aa kana kwamba ameona harusi. Bwana Mfaume akakalia gunia: "Hili nimerithi." "Chukua, mtani!" Akahamia la pili: "Na hili la marehemu shangazi yenu." "Chukua, mtani, chukua!" Wanaume wote wakashika mbavu kwa kicheko. Bei ilikwenda wapi? Umoja ulikwenda wapi? Mwalimu wetu alikuwa ameshika nguzo ya stesheni kwa mikono yote miwili. Alitufundisha kumjibu mnunuzi anayefoka. Hakutufundisha kumjibu anayechukua huku akicheka.

Sisi wanawake hatukucheka. Karanga zile tulizimenya kwa vidole hivi hivi, vikatoka malengelenge. Mwenzangu Bertila akanivuta kanga: "Veneranda, kwani utani una upande mmoja?"

Lo! Nikainuka, nikamkaribisha Bwana Mfaume kwa heshima zote, nikachukua mwavuli wake. Akacheka. Bertila akachukua kofia. Akacheka. Wengine wakamvua viatu, na bado akacheka, maana ni mtani wa kweli yule. Ndipo nikaiendea mizani yake, iliyokuwa imetundikwa mtini tayari, nikaitungua, nikaikumbatia kama mtoto mchanga.

Hapo akaacha kucheka. "Mtani, hiyo si ya mchezo. Gari la mizigo linaondoka jioni."

"Na karanga ni za mchezo?" nikamwuliza. "Mali ikichukuliwa na mtani hukombolewa. Komboa!"

Akakomboa, mabibi na mabwana! Magunia mawili aliyoyarithi yakarudi mstarini, mizani ikatundikwa, akapima yote kwa bei ya chama, tena miguu mitupu. Gunia la mwisho lilipokwisha tukamrudishia vitu vyake, tukampikia kuku, tukatukanana mpaka gari likapiga king'ora. Leo amekuja kusherehekea nasi. Yule pale nyuma. Tazameni alivyoishika kofia yake.

Kesho yake Bwana Yahaya aliandika somo jipya ubaoni: Mizani kwanza, utani baadaye. Tangu siku hiyo hata Ambrosi amefuzu. Juzi alikataa kuniuzia mimi, mke wake, karanga za mboga kabla ya kupima.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisi wanawake tulijuaje bei na mizani? Darasani hatukuitwa. Tuliitwa jikoni, tuwapikie wanafunzi. Bwana Yahaya alipoona tumesimamisha miiko kumsikiliza, hakutufukuza wala hakututangaza. Aliusogeza ubao wake karibu na mlango, akaanza kusema kwa sauti kubwa. Mliokula ugali ulioungua, mtusamehe. Siku hiyo tulikuwa tunajifunza kupanga bei. Bwana Yahaya, unahamishwa kwenda kufundisha kwingine, na mimi nasema mbele za watu kwamba moyo unaniuma. Hukutudharau. Wabeja sana, baba. Mungu akulipe.

Na ombi letu, je? Karanga hulimwa na nani Usinge? Mwulize mtoto yeyote, atakuambia karanga ni shamba la mama. Mwaka jana karanga zangu zilinunua baiskeli. Baiskeli nzuri, ina kengele, inapendeza, ila mimi sijawahi kuikalia hata nyuma. Simlaumu mume wangu. Jina lililoitwa ni lake, akapokea yeye. Lakini Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumecheza kwetu, na ngoma tumeipiga wenyewe. Mbona tuzo linaitwa kwa jina la mtazamaji?

Mvua za kwanza ziko karibu. Mbegu za Usinge nzima zimo ndani ya vilindo vyetu, yale makasha ya magome ya miti, na hakuna mwanamume hapa anayejua cha mkewe kimefichwa wapi. Ambrosi, usiniangalie hivyo, hata wewe hujui. Tukiandikwa, tutalima mashamba mapana, na chama kitajaza mabehewa. Tusipoandikwa, tutalima za kutia kwenye mboga tu, na mwenyekiti atabaki na cheti chake na mafua yake. Sitishii mtu, waheshimiwa. Hii ni biashara, ndiyo mliyotuletea.

Liko somo moja bado sijalitaja. Mwalimu alisema ukishataja bei yako, nyamaza. Usiongeze neno, usicheke, usiondoke. Atakayeanza kusema ndiye atakayepunguza. Bei yetu mmeisikia: majina yetu, leo, katika chama.

Mmenipa masikio yenu, nami nawashukuru. Mheshimiwa Mtemi, Bwana Shauri, mimi nimenyamaza. Wala siketi.