Cinquante Sita za Yaya Blanchard

Wachungaji wetu, wazee wa familia, majirani wa Bigo, nanyi nyote mlioacha kazi za Jumamosi mkaja kulia pamoja nasi, mimi ninaitwa Régine, mdogo wa marehemu, wa mwisho aliyebaki katika nyumba ya baba yetu, na familia imenipa karatasi hii niisome mbele yenu, ingawa ndani yake kuna ukurasa mmoja ambao wazee jana waliniomba niuache, nami nitausoma, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza usomwe.

Yaya Blanchard Djailo, kaka yangu mkubwa, alizaliwa siku ya Jumatatu tarehe 14 Mei 1984 pale Fataki, katika eneo la Djugu, mtoto wa kwanza wa baba Vital Djailo, mkulima wa viazi na maharagi, na wa mama Marie-Claire, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa kiti chake pale mlangoni. Tulizaliwa wanne, wawili walikufa wakiwa wadogo, tukabaki yeye na mimi.

Masomo ya msingi aliyafanya Fataki kuanzia mwaka wa 1990 hadi 1996, kisha akaenda Bule kwa masomo ya sekondari, akikaa kwa shangazi, lakini mwezi wa sita mwaka wa 1999 vita vilifika kwenye vilima vyetu, shule ikafungwa, akarudi nyumbani na daftari zake zikiwa hazijajaa. Tarehe 2 Machi 2003 tulikimbia Fataki alfajiri, na tulipofika kwenye mto baba alisema anarudi mara moja kuchukua mbegu za maharagi, maana mtu hawezi kuanza upya bila mbegu, tukamngoja mpaka jua likawa juu ya vichwa, na mpaka leo tunamngoja, hatuna kaburi lake. Yaya alikuwa hajatimiza miaka kumi na tisa. Tulipofika Bunia, kwenye kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, mama alimwambia maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu, alimwambia: "Blanchard, sasa baba ni weye."

Tarehe 1 Septemba 2003 alipata kazi ya kuosha sufuria katika kambi ya walinda amani waliotoka Bangladesh, akajifunza lugha yao kwa kusikia tu, jikoni, katikati ya moshi na pilipili, na kufikia mwaka wa 2005 walimfanya mkalimani. Jioni alirudi kwenye daftari, na mwezi wa saba mwaka wa 2006 alipata Diplôme d'État yake, cheti cha kumaliza sekondari, kwa asilimia hamsini kamili, wala hakuona haya, mama alipomuuliza kama hiyo ni nyingi, alimjibu: "Mama, cinquante ni cinquante. Banakuachilia unapita."

Sasa nifike kwenye mchezo, kwa sababu wengi hapa mlimwita Cinquante bila kujua jina lilitoka wapi, wengine mkadhani ni kwa ajili ya diploma ile. Askari wale walikuwa na mchezo wao unaoitwa kriketi, walikuwa wanatandika mkeka mrefu wa kamba juu ya changarawe, mtu anasimama na ubao mkononi mbele ya vijiti vitatu, mwingine anakuja mbio na kumtupia mpira mgumu kama jiwe, naye anatakiwa aupige na kukimbia, kila kukimbia ni pointi moja, na mpira ukigusa vijiti vile, au ukidakwa hewani, ametoka, anaacha nafasi kwa mwenzake. Mpigaji akifikisha pointi hamsini kabla hajatoka, watu wote wanasimama na kumpigia makofi, hata wale wa timu nyingine. Siku moja mwaka wa 2004 walipungukiwa mtu, wakamwita yaya toka jikoni ili akimbilie mipira iliyokwenda mbali, na mchezo ulipokwisha wakampa ule ubao kwa kumchekesha, wakamtupia mara thelathini bila kumtoa, mpaka giza lilipoingia, na kapteni wa timu yao akasema kwa Swahili kidogo aliyoijua: "Huyu hatoki. Huyu hatoki kabisa."

Kuanzia tarehe 12 Januari hadi 17 Februari 2008, katika kiangazi kile, yalifanyika hapa Bunia mashindano ya timu tano, Bangladesh, Pakistan, India na Nepal, na ya tano ilikuwa ya raia, yaani wakalimani, wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini, na marubani wawili wa Afrika Kusini. Kila timu ilicheza mara nane. Timu ya raia ilimaliza nafasi ya nne, hilo sitalificha, lakini siku ya kufunga walibandika kwenye lango la kambi karatasi yenye majina ya wapigaji waliofikisha hamsini mara nyingi kuliko wengine, wa pili alikuwa sajini mmoja wa Pakistan, mara nne, na wa kwanza, juu ya askari wote wa nchi zote, alikuwa Djailo B., mara sita. Nilimpeleka mama kuiona. Mama hakujua kusoma, akaniomba nimshike kidole nikiweke juu ya jina, akakiacha pale muda mrefu, na askari aliyekuwa zamu kwenye lango alipoelewa yule mama ni nani, alisimama wima akampigia saluti, na mama akaniuliza kwa sauti ya chini: "Régine, tumefanya kosa gani?"

Zilikuwa siku zake za furaha, na hazikuwa nyingi. Mwezi wa nne mwaka wa 2009 mama alipatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukafa, akawa mtu wa kuinuliwa, kuogeshwa na kulishwa, na nyumba yetu ya chumba na sebule pale Bigo ilikuwa na watu wawili tu wa kumwinua, yaya na mimi. Amani ya miaka ile mnaijua wenyewe, ilikuwa amani ya kuangalia saa, unatoka mjini asubuhi, na saa tisa usiporudi watu wa nyumbani wanaanza kusimama barabarani. Fataki tulikuwa hatuwezi kurudi, Bunia palikuwa si petu, na mshahara wa yaya, mikono ya yaya na sauti ya yaya ndivyo vilivyokuwa kuta zetu.

Huu ndio ukurasa.

Mwezi wa kumi na moja mwaka ule kapteni yule wa Bangladesh, aliyekuwa amerudi Bunia kwa zamu ya pili, alimaliza muda wake, akarudi kwao, lakini kabla ya kuondoka aliandika kwa klabu moja ya kriketi ya Kampala, akiwaambia Bunia kuna mpigaji ambaye hatoki, nao wakakubali kumpokea, kumpa kitanda palepale kwenye uwanja wao na kazi ya kuutunza, na nafasi ya kucheza msimu mzima, ila walitaka jibu kabla ya tarehe 15 Januari 2010. Barua ile ilifika nyumbani tarehe 22 Desemba 2009, ikaletwa na dereva wa kambi aliyeitwa Eugène, yaya akiwa kazini. Eugène alinipa bahasha mkononi, akacheka, akasema: "Mupe yaya yako mbio-mbio, iko anaenda kucheza Kampala," akawasha gari, akaenda zake, na kesho yake kazi ikampeleka Dungu, mbali na hapa, wala hakurudi. Mimi nilisimama na ile bahasha mlangoni. Mama alikuwa nyuma yangu, ananiita nimgeuze. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikaona jinsi nitakavyobaki peke yangu na ule mwili mzito, mchana na usiku, katika mji huu, bila mwanaume nyumbani siku risasi zitakaporudi, nikaingia, nikaufumua mto wa kiti cha mama, nikaiweka bahasha ndani, nikashona.

Mwezi wa tatu kapteni alimwandikia yaya kwenye mtandao, akimwuliza kwa nini hakujibu, klabu ilimngoja, sasa imempa mwingine. Yaya hakufikiri hata kidogo kwamba ni mimi. Alidhani bahasha ilipotea njiani, akaanza kuitafuta, akaenda kwenye lango la kambi, akaenda kwenye uwanja wa ndege, akaenda kwa kila mtu aliyekuwa na gari la kazi, siku tisa, nami nilimsindikiza. Ndiyo, nilimsindikiza, nikasimama pembeni yake nikiuliza watu pamoja naye, na tuliporudi nilimkuta mama ameketi juu ya ile bahasha.

Baadaye kikosi cha Bangladesh kiliondoka hapa, waliokuja hawakucheza, uwanja ukawa mahali pa kuegesha magari, na yaya akabaki na ubao wake katika mji ambamo hapakuwa na mtu mmoja wa kumtupia mpira. Alisema siku moja, si kwa hasira, alisema tu: "Kule kwa mchezo balinisifu juu sitoke. Sasa naona ile sifa ilikuwa laana."

Tarehe 20 Agosti 2011, hapa Bunia, alifunga ndoa na shemeji yetu Séphora Kavugho, binti ya mzee Kambale, aliyehama toka Butembo na kufungua duka la mabati na misumari, na mzee huyu, ambaye watu walimsema kwa kumtoa binti kwa mkimbizi wa Djugu, alimpa yaya kazi ya duka na hakumwita kamwe mgeni. Mungu aliwapa watoto wawili, Glodie, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2012, na Annie, tarehe 19 Januari 2015. Jioni, duka likifungwa, Séphora alimtupia ndimu nyuma ya nyumba ili apige, ndimu zikapasuka ukutani, na mama mkwe akalalamika juu ya ndimu zake, na Séphora alizoea kusema: "Nilizani naolewa na bwana, kumbe nimeolewa na kibao."

Mwezi wa pili mwaka wa 2013 alijaribu kurudi Fataki kuona shamba la baba, akakuta watu wengine wanavuna viazi pale, watu maskini kama sisi, wakampa maji ya kunywa, wakamwomba asikae mpaka jioni. Alirudi siku ileile. Mama alifariki tarehe 6 Oktoba mwaka uleule, akazikwa hapa, na siku ya kupanga vitu vyake nilikifumua kile kiti peke yangu, nikaitoa bahasha, nikashindwa kuichoma, nikashindwa kumpa yaya.

Ugonjwa ulimwanza mwezi wa nane mwaka wa 2016, miguu kuvimba, kisha uso, na madaktari wakaona ni mafigo. Walisema mashine ya kumsaidia iko Kampala, na sisi tuliposikia jina la mji ule tulitazama chini, lakini mwili wake ulikuwa umeshadhoofika sana kwa ile barabara. Tarehe 17 Januari mwaka huu, hospitalini, nilimpa bahasha yake. Aliisoma mara mbili. Akageuka akatazama ukuta, na kwa siku tatu nikiingia anafumba macho. Siku ya nne aliniambia: "Régine, uji iko wapi?" Nikamlisha. Alipomaliza akasema: "Weye uliniulia miaka yangu." Nikasema: "Ndiyo, yaya." Akasema: "Lakini mama alikufa, na mulango ukabaki wazi, mi sikwende. Niliogopa. Nilisema, kama nafika kule banitupie mpira wa kwanza tu, nitoke? Ile ya kwangu naibeba mi. Ile ya kwako, siku ya kunizika, uiseme mbele ya batu. Musiseme karatasi ilipotea."

Hakusema amenisamehe, nami sitamwekea kinywani maneno ambayo hakuyasema. Séphora alikuwa chumbani, alisikia yote, akaniambia baadaye kwenye varanda: "Siwezi kukulaani, juu kama angeenda, hawa batoto hawangekuwa. Lakini kukushukuru pia, siwezi." Tangu siku ile tulilala kwa zamu kando yake, Séphora na mimi, tukigawana blanketi moja.

Yaya Blanchard alifariki siku ya Alhamisi tarehe 9 Februari 2017, saa kumi na moja asubuhi, akiwa na miaka thelathini na miwili, miezi nane na siku ishirini na sita, ameacha mjane, watoto wawili, na mdogo mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, hasa wale waliokuja hata siku zao za mapumziko, inamshukuru mzee Kambale, ambaye amefunga duka lake tangu Alhamisi na kukaa chini pamoja nasi, majirani wa Bigo kwa kuni, maji na viti vya matanga, wakalimani wenzake wa zamani waliobeba jeneza, na watu wa Fataki na Bule waliopita vizuizi vyote vya barabarani ili wafike hapa kabla ya saa sita. Nanyi mliokasirika kwa niliyoyasoma, mna haki, njooni nyumbani mniambie, nitafungua mlango.

Yaya, umekaa kwa ajili yetu hadi mwisho, miaka mingine kwa mapenzi yako, miaka mingine kwa hila yangu. Sasa ondoka, Mungu akupe amani isiyohitaji kuangalia saa, nami leo nitakusindikiza mpaka kaburini, na pale nitakuachilia uende.