Rubani Aliyeomba Macho Wazi

Wewe uliyeshika karatasi hii, najua umeanzia mwisho kuangalia kama umetajwa kwenye walioachwa. Rudi juu. Na wewe mwingine, uliyekaa kwenye viti vyetu wiki hii, ukanywa chai yetu, halafu ukamwambia jirani yako, "Marehemu alikuwa mtu mzuri, ila mambo ya sala, mh, hata macho alikuwa hafumbi," wewe hasa soma pole pole.

Marehemu alikuwa shangazi yangu. Macho alikuwa hafumbi, ni kweli kabisa. Sababu yake anaijua kila mtu aliyewahi kufundishwa naye kuendesha ndege. Hapa kanisani kwetu hakuna aliyemuuliza, watu wamenong'ona tu miaka yote. Leo inasomwa, ili asizikwe na jina ambalo si lake.

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu na binti pekee wa fundi viatu na mshona nguo, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, anasema nyumba ile ilinukia usafi hata siku ambazo hakuna aliyefagia. Siku moja bibi alipotoka, Shangazi akaifungua cherehani yote, akaipangusa, akaifunga tena. Skrubu moja ikabaki mkononi. Kaka zake wakamwambia aitupe, mashine si inashona? Akaifungua upya yote, kipande kwa kipande, mpaka akaona ile skrubu inakaa wapi. Bibi aliporudi alikuta cherehani imepona na binti yake amelala sakafuni, mikono yote mafuta.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1979 akiwa anaongoza kwenye hesabu na fizikia. Akafundisha hesabu kwa muda. Mwaka 1982 akapata nafasi kwenye chuo cha Kikristo kilichokuwa kinafundisha walimu na wauguzi, na, kwenye banda la bati upande wa pili wa kanisa la chuo, marubani.

Babu hakupendezwa.

"Nilidhani ukienda chuo cha dini utarudi mwalimu wa Biblia. Sasa utarudi dereva?"

"Rubani, baba."

"Si anashika usukani? Basi dereva huyo."

Bibi yeye alikuwa na swali moja tu. "Huko juu, mwanangu, mtu akibanwa na haja anafanyaje?"

"Anajibana, mama."

"Haya. Nenda."

Darasani kwao alikuwa msichana peke yake. Matroni alikataa suruali, bawa la ndege likakataa sketi, na mchungaji aliyekuwa mkuu wa chuo akaamua kesi kwa kulipatia bawa ushindi. Asubuhi walikuwa kanisani, baada ya hapo darasani: hali ya hewa, ramani, injini. Mchana ndipo wanaruka. Na chuo kile kilikuwa na utaratibu wake. Kabla ufunguo haujazungushwa, injini ikiwa kimya, mwanafunzi anaomba kwa sauti. Akisema amina, mwalimu naye akisema amina, ndipo ndege inawashwa. Si baadaye.

Siku ya mtihani wake wa mwisho wa leseni, Juni 1984, Shangazi alikuwa na woga mwingi. Akaikagua ndege vizuri, akakaa, akajifunga mkanda, akawasha injini. Sala akaisahau, na siku ya mtihani mtahini hamkumbushi mtu. Akaja kuikumbuka wamesimama ukingoni mwa njia ya kurukia, injini inanguruma, wanasubiri zamu.

Mwingine angesema neno moja la haraka akaendelea. Lakini Shangazi alilelewa na bibi, na kwa bibi kuomba ni kufumba macho, kuinamisha kichwa, na kuanzia mbali. Akafumba. Akainama. Akaanza kumshukuru Mungu tangu alipozaliwa. Miguu ikalegea kwenye breki, na ndege ikaanza kutembea yenyewe, taratibu, kuingia njiani. Juu yao ndege nyingine, yenye mwanafunzi na mwalimu wake, ilikuwa inashuka kutua palepale.

Mtahini aliyekaa pembeni yake akakanyaga breki za upande wake. Ile ndege nyingine ikaghairi kutua, ikapita juu ya vichwa vyao kwa kelele, ikapanda tena.

"Binti," mtahini akasema, "ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Mungu, mwalimu."

"Mwambie tunarudi bandani."

Akafeli. Na chuoni pale ukifeli mtihani wa mwisho unaweza kurudishwa nyumbani moja kwa moja, nafasi yako apewe mwingine. Mchungaji mkuu wa chuo akawaita ofisini wote wawili. Alikuwa mtu wa huruma, na jambo lile lilimkera.

"Mimi siwezi kumfelisha mwanafunzi wa chuo hiki kwa kosa la kuomba," alisema. "Nitawaambia nini wazazi? Mtahini, hebu tulifute. Tuseme mtihani haukufanyika."

Mtahini akatazama karatasi yake ya alama. Shangazi angeweza kukubali, akapewa mtihani mwingine wiki ileile, na leo tungesoma wasifu mfupi zaidi. Alisimama.

"Mchungaji, nimefeli. Sikufeli kwa kuomba. Nimefeli kwa kuiacha ndege ijiendeshe. Wale waliokuwa wanatua wangegongana na sala yangu."

Mtahini akamgeukia mchungaji. "Mpeni muhula mmoja. Huyu nitapanda naye tena."

Akarudia muhula mzima, akikaa dawati moja na waliomkuta chuoni, akiosha ndege Jumamosi huku wenzake waliofaulu wakimtumia salamu kutoka kazini. Walimpa jina la Amina Ndefu. Alilibeba bila kununa. Novemba akapanda na mtahini yuleyule. Injini ikiwa kimya, akaweka mikono magotini, macho mbele kabisa, akasema, "Bwana, naongea na wewe, lakini naangalia njia." Mtahini akasema amina. Naye macho wazi. Akafaulu.

Tangu siku hiyo hakufumba tena macho kwenye sala, awe angani, mezani au kanisani.

Kuanzia mwaka 1985 alirusha ndege ndogo za hospitali za misheni. Alibeba madaktari, dawa, wagonjwa, na mara moja mama aliyeshindwa kusubiri mpaka watue. Mtoto yule alizaliwa juu ya mawingu na sasa ni mtu mzima mwenye kitambi, amekaa mstari wa tatu hapo. Viwanja vingi vilikuwa nyasi tu. Alikuwa anapita chini kwanza kufukuza mbuzi, anazunguka, ndipo anatua. Mbuzi wa kule, alisema, walimjua kuliko wachungaji wao.

Tarehe 14 Mei 1988 alifunga ndoa na fundi wa ndege, mtu mpole wa maneno machache, aliyempenda kwa sababu alikuwa rubani pekee aliyeeleza ubovu wa injini bila kuigiza mlio wake kwa mdomo. Picha ya harusi ipo sebuleni, mmeiona. Mchungaji anaomba, watu wote wameinamisha vichwa, bwana harusi kafumba mpaka kakunja uso, na bibi harusi anakutazama kama anakuuliza unataka nini. Mama mkwe alipoiona alishika kiuno.

"Mwanangu, umeoa mtu anayemchungulia Mungu!"

"Alikuwa ananichungulia mimi, mama," akajibu mwanawe. "Aone kama nimekimbia."

Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mwana.

Mwaka 1997 alirudi chuoni kwake kama mwalimu wa marubani. Wanafunzi wake waliomba kabla ya kuwasha, kama zamani, ila sala ilikuwa fupi na macho wazi. Ukifumba anakugonga goti kwa rula. "Fungua. Mungu haogopi kuangaliwa." Wengi wao wanarusha ndege kubwa sasa, zenye abiria na chakula kwenye trei, na bado wanaomba hivyo hivyo.

Hapa kanisani mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 2006 jina lake lilitajwa kuongoza kikundi cha maombi cha akina mama. Likaondolewa. Walisema ni mfano mbaya, anaomba huku anakodoa. Baba alimkuta nyumbani anakunja nguo.

"Si ungewaeleza, dada?"

"Nieleze nini? Nitaonekana najitetea."

"Lakini wanakusema."

"Waache waseme. Na wao wamejuaje kuwa nakodoa?"

Akacheka, akaendelea kukunja. Lakini lilimuuma. Baba anasema shati moja alilikunja mara tatu.

Marubani hupimwa afya kila baada ya muda. Mwaka 2015 Shangazi alimwambia daktari, bila kuulizwa, kwamba kuna siku kizunguzungu kilimpata akipanda ngazi. Vipimo vikaonyesha moyo una hitilafu. Daktari mwenyewe alisikitika.

"Ungenyamaza, mama, mimi nisingejua."

"Mimi ningejua. Na mimi ndiye ninayekaa mbele."

Hapo ndipo urubani wake ulipoishia. Hakulalamika mbele za watu. Alifundisha darasani, viti viwili vya plastiki vikiwa ndege na mpini wa ufagio ukiwa usukani, mpaka miguu ilipoanza kuvimba mwaka 2021. Miezi ya mwisho alilazwa na kutoka, akalazwa na kutoka. Mchungaji wetu alimtembelea wodini, akamwambia, "Mama, funga macho upumzike, nikuombee." Akajibu, "Funga wewe, mchungaji. Mimi naangalia dripu."

Alifariki asubuhi ya tarehe 22 Agosti 2023, binti yake amemshika mkono, mume wake anamwombea. Aliondoka katikati ya sala ile, macho wazi. Mumewe alisema amina kwanza. Kisha akamfumba macho, taratibu, kwa kidole gumba chenye alama za grisi ambazo hazijawahi kutoka.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni mwalimu wa hesabu, wajukuu wanne, kaka mmoja, wapwa wengi wenye midomo, na marubani ambao hakuwahi kuwahesabu. Shangazi, umetua salama. Pumzika sasa, njia tutaiangalia sisi.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, nina ombi. Muda si mrefu mchungaji atasema tuombe, na tutakuwa tumesimama kuzunguka kaburi. Udongo wa pembeni ni mlegevu. Mume wake atasimama karibu kabisa, kwa sababu hakuna atakayeweza kumzuia, na goti lake la kulia ni bovu. Kwa hiyo omba. Omba kwa moyo wote. Lakini usifumbe macho. Mwangalie mzee.