Karani Aliyeshika Jembe

Benchi la wanywa kahawa wa mtaa wa Kadutu halikosi jibu, na jioni ile ya mwaka hamsini na sita lilikuwa na kazi. Papa Cyprien aliketi katikati, moyo mzito. Mpwa wake Firmin, karani wa miaka ishirini na miwili aliyekaa kwake, tangu Pasaka alikuwa hacheki, halali, analia mbele ya mashine ya kuandika. Chakula chake kilikuwa mkate mweupe, sardini za kopo na chai ya sukari tele, kama ilivyowapasa makarani wavaa tai. Ghafla, wiki tatu zilizopita, akageuka: alfajiri yuko shambani na majirani, jioni anacheza mpira, kisha anakula maharagwe na lengalenga, mchicha wa mashambani. Karani mzima, na jembe! Cyprien akaona wazimu umekomaa, akamwita dada yake kutoka Nyangezi aje ampeleke kijana kwa mganga wa Bunyakiri. Kazi ya ofisini ingepotea, lakini bora kazi kuliko kichwa.

— Ile mashine ya kuandika ya kule ku biro njo ilimuharibisha, alisema Redio, mjuzi wa habari zote. Inakunywa akili kupitia ku vidole.

— Wapi! alidakia Koti, fundi wa nguo. Ni tai. Ilifunga damu ku shingo, haipande tena ku kichwa.

— Sasa mbona anaimba? aliuliza Cyprien.

— Njo ugonjwa inafika mwisho, papa! Mutu ya diplome anaimba na jembe ku bega? alijibu Koti.

— Lakini analala muzuri.

— Apana, ni roho inatoka kutembea. Inafika mpaka Kalehe, asubuhi inarudi.

— Na anakula sahani mbili za maharagwe.

— Ile ya pili ni ya shetani, alisema Redio, bila hata kupepesa jicho.

Cyprien alitamani sana kubisha, akaishia kuongeza sukari katika kahawa yake.

Mara Firmin akaja mbio kutoka uwanjani, jasho linamtiririka, akaruka mfereji, akawaamkia wote huku anacheka. Nyuma yake akafika Maman Euphrasie, mama yake mzazi, ameshuka tu kwenye lori. Alimshika mwanawe mashavu, akamgeuza huku na huku, akawatazama wanaume wa benchi mmoja mmoja.

— Kaka, mugonjwa iko wapi?

Redio akachungulia kikombe chake. Koti akakohoa. Cyprien, aliyesikia kilio cha mtoto yule nyuma ya ukuta miezi mizima, alijawa na furaha hadi macho yakalowa.

— Dada, ule mugonjwa tulimutafuta hapa jioni yote. Hatumuone.