Habari za Twagirayezu

Benchi yetu iko Kamembe, mpakani na Congo, nyuma ya soko, mbele ya meza ya kahawa ya Maman Védastine. Wa kila siku tuko watatu: Damascène fundi cherehani, Mushagalusa wa Bukavu tunayemwita Depite, yaani mbunge, kwa ule mdomo wake, na mimi Karangwa, Profeseri, kwa sababu ya miwani tu, maana shule sikumaliza. Mwaka 1996 bwana yake Védastine, Twagirayezu, alivuka daraja la mpaka kwenda kuuza sabuni Bukavu, upande wa Congo, vita ikaingia, hakurudi. Tangu hapo mama huyo ana desturi yake: anayemletea habari ya bwana yake anakunywa bure. Asubuhi ninayoisema, mwaka 1999, alikuwa amechelewa. Tulikuwa tunamngoja huku tukibishana juu ya Komiseri Tabaro, yule polisi wa vitabu vidogo vya hadithi vinavyotoka ng'ambo. Katika namba ya kumi na nane alipigwa risasi. Namba ya kumi na tisa ilikuwa imefika, na Komiseri alikuwa mzima.

Damascène: — Banatudanganya mubaya. Risasi tatu za kifua, na leo anakula samaki.

Mushagalusa: — Unataka akufe? Miye ninamupenda juu ninamujua. Kofia yake, kikohozi yake. Muntu wa mupya nitamuzoea lini?

Damascène: — Hata bibi yangu, mama ya batoto. Nikifika nyumba anauliza Tabaro iko namna gani. Miye haniulizake.

Mimi: — Ni hii vita. Tumezika bantu mingi. Moja lazima akuwe anarudi.

Mushagalusa: — Profeseri, weye unatafuta mbali. Mwandishi anamuogopa, njo maana. Akimuua, Tabaro atakuja kumukamata yeye mwenyewe.

Damascène: — Miye nasema Tabaro iko muntu wa kweli. Shemeji alimuona Uvira, anakunywa bia.

Tulikuwa bado tunacheka Maman Védastine alipofika. Hakuwa na thermos. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga na kubeba mfuko, na nyuma yake alikuja mwanamke tusiyemjua.

Védastine: — Kahawa haiko. Meza nimemuuzishia Patricie. Huyu ni Umwali, ametoka Congo juzi, amekuja kunielekeza njia. Ninavuka leo, ninaenda Shabunda kumuleta Twagirayezu.

Mushagalusa: — Maman, Shabunda iko vita.

Védastine: — Si weye ulisema iko Shabunda? Mbele ya Pasika. Ukasema amefuga ndevu.

Depite akainamia viatu vyake.

Damascène: — Na batoto?

Védastine: — Batabakia kwa dada yangu. Damascène, weye ulisema iko Uvira, anasukuma kigari, mguu unamuuma. Profeseri alisema Walikale. Nimefikiri sana. Mguu njo unamuzuiya. Hawezi kufika yeye peke yake.

Mungu wangu. Alikuwa ameunganisha uongo wetu wote, ukawa safari moja.

Mimi ndiye niliyeanza, mwaka 1997. Mvua ilikuwa inanyesha, nikatamani kahawa, nikasema dereva mmoja amemwona Walikale. Védastine alijaza kikombe, akacheka kama msichana. Mara ya pili sikusema kwa ajili ya kahawa. Nilitaka kujua mwenyewe Twagirayezu amefika wapi. Damascène akampa kigari na mguu mbovu, Depite akampa ndevu, na sote tukampenda kuliko alipokuwa jirani yetu, maana akiwa hai hakuna aliyemsalimu mara mbili. Tulikuwa na aibu, na tuliendelea.

Mgeni, yule Umwali, alikuwa ametusikiliza bila kukaa.

Umwali: — Ba papa, samahani. Ile njia miye nimeitembea kwa miguu, nimeacha bantu pale, bamekufa. Ninauliza tu, kabla mama hajaenda. Nani kati yenu alimuona kwa macho yake?

Damascène akaanza kutafuta sindano kwenye kola ya shati lake. Depite akageuza uso kuelekea sokoni. Védastine akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu.

Védastine: — Sema, Profeseri.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Jibu lilikuwa neno moja, hakuna, na lingemuua Twagirayezu mbele ya mke wake. Nikalimeza. Maman Védastine akainua mfuko wake, akashika njia ya daraja.