Mzee Mwero na Pikapu Kumi na Moja

Mzee Mwero Shutu anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia gereji yetu ya Abdulrahim hapa Ukunda kwa miaka thelathini na mmoja. Alipaswa kustaafu miaka miwili iliyopita. Tulimpikia biriani, tukampa saa ya ukutani, tukapiga picha, na Jumatatu yake saa moja asubuhi akawa ameshafika kazini kavaa ovaroli lile lile. Kwa nini alirudi, nitaeleza. Vijana wa ofisini walitaka kuandika wao hotuba hii ya kumuaga, lakini mimi mpishi wao nilipoona wameanza na "alikuwa mchapakazi" niliwanyang'anya karatasi. Mtu yuko hai, anakula, anakoroma, wewe unamwandikia alikuwa.

Alikuja hapa mwaka wa 1994 kutoka Waa, akiwa amefundishwa kuchomelea na mjomba wake aliyekuwa akitengeneza madirisha ya chuma. Alianza na mageti. Lakini kilichomtolea jina ni mabomba ya moshi ya magari, maana huku kwetu chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Bomba ambalo bara lingedumu miaka mingi, hapa masika mawili tu limeshatoboka.

Gari likiletwa, Mzee Mwero hafungui boneti kwanza. Huenda nyuma, akachuchumaa, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa bomba, kama mama anayepima pumzi za mtoto aliyelala. Pumzi ikiwa hafifu, husema masega yameziba. Kwa asiyejua, katikati ya bomba la moshi kuna kibuyu cha chuma, na ndani yake mna vijitundu vijitundu kama sega la nyuki. Hayo ndiyo masega, na kazi yake ni kuila sumu ya moshi kabla haijatoka nje. Vijana wenye pikapu huyaona uchafu. Wanataka yatolewe ili gari lingurume na wasichana wageuke.

Mmoja wao alikuwa Kaingu, anayehudumu baa katika hoteli moja kule Galu. Alikuja na pikapu yake akasema anataka gari iongee, mzee, ile sound ya kutetemesha barabara. Mzee Mwero hakubishana naye. Alilegeza bomba likaachana na injini, akamwambia awashe gari, asimame hapo hapo kando na ampigie mamake simu. Kaingu alipiga shikamoo tatu, kwa sauti ya mtu anayezama. Mama hakusikia hata moja, akakata simu, akapiga tena akilia, anauliza mwanawe anapigwa na nani. Mzee Mwero alipokea simu, akazima gari, akamwamkia vizuri na kumweleza. Sijui mama alimwambia nini mwanawe baadaye, lakini masega yalibaki mahali pake, na Kaingu mpaka leo huingia hapa kimya kama paka.

Sasa nisimfanye malaika. Mzee Mwero aliwahi kukosea, na kosa lake lilifika nyumbani kwangu.

Zamani hizo wachuuzi wa samaki walikuwa wakishusha pikapu zao hadi kwenye mchanga wenye maji, Gazi na Msambweni, ili kupakia. Chumvi ikawa inayala mabomba kama mchwa. Wakamlilia Mwero, naye akabuni dawa. Alikata bomba karibu na injini, akatoa masega, akalipandisha bomba nyuma ya kibanda cha dereva likasimama kama pembe. Maji ya chumvi hayakulifikia tena. Pikapu zikanguruma, wachuuzi wakafurahi, sifa zake zikafika Lunga Lunga. Pikapu kumi na moja za petroli alizifunga pembe hizo.

Kosa lake ni kwamba alipimia samaki, hakupimia watu. Na hakuna mtu wa pwani hii asiyejua kwamba pikapu ya samaki asubuhi ni ya samaki, jioni ikishaoshwa ni ya wanawake wanaokwenda harusini au matangani, na mvua ikinyesha hufungwa turubai juu ya fremu. Mdomo wa pembe ulikuwa umeishia pale pale turubai linapoanzia.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2009, mvua ikimwagika, wanawake tisa walitoka Tiwi kwenda matangani Msambweni. Binti yangu Hasina alikuwemo, ana miaka kumi na tisa. Dereva hakusikia kitu. Alipofungua turubai aliwakuta wengine wanatapika, wengine wamelegea kama nguo zilizoloa, na Hasina haamki. Alizinduka hospitalini baada ya kuwekewa oksijeni saa nyingi. Daktari alitwambia ni moshi, na sumu iliyomo kwenye moshi ule haina harufu wala haimkohozi mtu. Wote tisa walipona, alhamdulillahi.

Kesho yake ndiyo siku yangu ya kwanza kukanyaga gereji hii, na sikuja kwa amani. Nilimwambia Mwero mbele ya wateja kwamba fundi asiyejua nani atakaa nyuma ya kazi yake ni bora akachunge mbuzi. Nilimwambia na mengine ambayo Abdulrahim amenikataza kuyaandika. Yeye alivua miwani ya kuchomelea akasubiri nimalize. Hakumsingizia dereva, hakuisingizia mvua. Aliniuliza jambo moja tu.

"Binti alikuwa amekaa upande gani?"

Nikamwambia kona ya kushoto, mgongo kwenye kibanda. Siku hiyo hiyo alichukua pikapu nyingine yenye pembe, akapanda nyuma, akakaa kona ya kushoto, akaamuru turubai lifungwe na gari liende Waa na kurudi. Aliposhushwa hakuweza kusimama. Alitapika kando ya geti, akaosha uso, akasema zote kumi na moja atazitafuta azirudishe zilivyokuwa, na hatatoka katika kazi hii kabla hajaimaliza ya mwisho.

Mimi, hasira zangu bado zimenipanda, niliwaona mafundi wanakula mchana mkate mkavu na soda. Nikawaambia hata mbwa wa hotelini wanakula kuliko nyinyi. Wiki iliyofuata nikaja na sufuria, na haijatoka mpaka leo.

Tangu siku ile hakuna pikapu iliyotoka mikononi mwa Mzee Mwero kabla yeye mwenyewe hajakaa nyuma, turubai limefungwa, akazungushwa. Jua kali, yumo. Mfungo wa Ramadhani, yumo. Siku moja polisi wa kizuizini walifungua turubai wakitarajia magendo, wakamkuta mzee kakaa juu ya gurudumu la akiba, tasbihi mkononi. Wakamuuliza anafanya nini humo. Akawajibu kwamba anavuta pumzi. Walimzungusha kwa maswali hadi mmoja wao akakumbuka kwamba silensa ya gari lake mwenyewe inavuja, na mahojiano yakaishia hapo.

Walikuja pia wanunuzi wa masega, watu wenye mifuko mikubwa na maneno matamu, maana ndani yake mna madini ya thamani. Mzee Mwero aliwafukuza wote. Masega mazima yaliyotoka kwenye magari yaliyokufa aliyapanga rafuni, yakingojea pikapu zake.

Kumi alizipata katika miaka minane. Alizitengeneza siku za Jumapili, bila kuomba hata soda. Lakini ya kumi na moja ilikuwa imeuzwa Msambweni, ikauzwa tena Lunga Lunga, na aliyeinunua huko akafariki. Njia ikapotelea hapo. Ndiyo sababu mwaka ule alirudi kazini Jumatatu. Nilimuuliza kama amefukuzwa nyumbani. Mkewe, Bi Biasha, alikuwa ameshanipigia kuniambia nimrudishe kama naweza. Mzee Mwero akanijibu kwamba pikapu moja bado, na mahali fulani kuna watu wamekaa chini ya turubai lake. Basi kwa miaka miwili, na magoti yale mabovu, kila Jumapili alikodi bodaboda akapanda huko bara kavu, akiwasimamisha watu njiani kuwauliza kama wameona pikapu yenye pembe. Watu walidhani mzee amechanganyikiwa. Mimi pia nilimwambia hivyo, na kumwambia si mara moja.

Mwezi wa Agosti mwaka huu tulikuwa tunakula mchana. Purity, fundi wetu wa kuchomelea kutoka Kinango, ambaye ndiye anayeirithi meza ya Mzee Mwero, alitusimulia kisa ili tucheke. Kwaya ya kanisa lao husafiri kwa pikapu ya mjomba wake, Mzee Thoya. Kila wakifika waendako vichwa vinawauma na waimbaji wanasahau maneno. Wengine wakasema kuna jini kwenye kona ya mlimani. Wengine wakasema ni kijicho cha kwaya ya kijiji cha pili. Pikapu ilikuwa imeshaombewa mara tatu, na mara moja ikanyunyiziwa chumvi. Tukacheka sana. Mzee Mwero hakucheka. Aliweka kijiko chini akamuuliza Purity kama bomba la gari la mjomba wake limesimama. Purity naye akaacha kucheka, akasema limesimama nyuma ya kibanda.

Jumamosi tulikwenda watatu, mimi nimeshika gunia lenye masega. Pikapu ilikuwa ile ile. Mzee Thoya alitukaribisha kwa chai, akasikiliza, akakataa. Alisema wanawake wa mlimani wenye mahindi na makaa humjua kwa mngurumo ule. Wakiusikia hubeba magunia yao hadi barabarani. Gari likinyamaza nani atawabebea? Na kuumwa kichwa, alisema, ni kwa watu wanaosafiri bila kula. Kisha akauliza ni tangu lini watu wa Ukunda wanakuja kumfundisha gari lake mbele ya kwaya yake. Wanakwaya walikuwa wamesimama hapo hapo, wanatazama.

Mzee Mwero angeweza kusema bomba lile ni kazi ya fundi fulani wa zamani. Hakuna ambaye angejua.

"Pembe hii niliifunga mimi, Mzee Thoya, kwa mkono huu, na nilikosea. Binti wa huyu mama nusura afe."

Thoya alinitazama. Nikamwambia ni kweli. Akawatazama wanakwaya wake mmoja mmoja, halafu akatoa funguo. Alimpa Purity, akasema huyo mzee ameshachoka, achomelee kijana.

Purity alichomelea kazi yote, Mzee Mwero akamshikia bomba. Alasiri masega yalikuwa yamerudi, na bomba limepita chini hadi nyuma kabisa ya gari. Kuhusu wanawake wa mlimani, Thoya alikubali kupiga honi kama watu wengine.

Ikabaki kukaa nyuma. Mzee Mwero aliweka mguu kwenye bampa, goti likakataa. Akajaribu tena, likakataa tena. Purity alimshika mabega, akamsogeza kando kwa adabu, akapanda yeye, akakaa kona ya kushoto. Wanakwaya wakamfuata juu, wanasema hawezi kukaa huko peke yake kama gunia la makaa. Turubai likafungwa. Mzee Mwero akaketishwa mbele, baina yangu na Thoya, akaomba redio izimwe. Huko nyuma wakaanza kuimba. Waliimba hadi njia panda, wakaimba kurudi, na yeye njia nzima kainamisha kichwa, anasikiliza ubeti baada ya ubeti kama mtu anayehesabu watoto wakivuka barabara. Turubai lilipofunguliwa hakuna aliyeshika kichwa. Kitu pekee walicholalamikia ni vumbi.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Kwale mjini, aliniambia: "Zimekwisha, Bi Mbeyu."

Nikamwambia mkono wa shati lake umeungua na Bi Biasha atampigia kelele. Hilo ndilo nililomjibu, na nimeona haya tangu siku hiyo. Miaka kumi na sita nimemlisha, nimemgombeza, nimemfulia hata ovaroli, na neno moja alilokuwa akilingojea sikumpa. Naye hakuwahi kuliomba. Kila Hasina akija kunitembelea hapa, Mzee Mwero hukumbuka ana kazi nyuma ya kompresa.

Kwa hiyo anayesoma karatasi hii leo asome hapa kwa sauti, asimung'unye. Mwero Shutu, mimi na binti yangu Hasina tuko radhi nawe, duniani na akhera. Hatuna neno juu yako. Hasina mwenyewe yuko hapo mstari wa mbele na wanawe watatu. Inuka ukamsalimie.

Gereji nzima inakushukuru, kuanzia Abdulrahim hadi Purity ambaye ameshaanza kukaa nyuma bila kuambiwa. Kaa kwako Waa na Bi Biasha, ule kwa wakati, upumzishe magoti, na kila pumzi Mungu atakayokujaalia iwe nyepesi na ya heri.

Bi Mbeyu, jikoni