Magdalene Warigia, Aliyechemsha Maziwa ya Mataifa

Wazee wa kanisa, akina mama, majirani wa Ruiru, na ninyi mliotoka Thika na Gatuanyaga tangu alfajiri, mimi ni Gerishon Muigai, mdogo wake Zacharia Macharia, mume wa marehemu, na kaka yangu ameniomba nisome maisha ya mkewe kwa sababu yeye mwenyewe, alisema, hataweza kufika mwisho. Marehemu alizoea kunitania kwamba nikisimama mbele ya watu husinzia, basi leo nitajitahidi.

Magdalene Warigia alizaliwa mwaka wa 1918, ule wa njaa na homa kubwa, karibu na mto Chania, Thika, akiwa binti wa mzee Ngotho na mama Nduta, na siku yenyewe hakuna aliyeiandika, kwa kuwa mwaka ule watu walikuwa na kazi nyingi ya kuzika. Alianza shule ya misheni mwezi Januari 1927, akabatizwa tarehe 25 Desemba 1931, akafika darasa la nne, akaacha masomo alipofiwa na baba, lakini alikuwa amekwisha kujua kusoma na kuandika Kikuyu na Kiswahili, pamoja na Kiingereza cha kuombea maji, ambacho baadaye kilimfaa kuliko sisi sote tulivyodhani.

Tarehe 6 Agosti 1938, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Zacharia Macharia katika kanisa la hapa Ruiru, na Mungu akawajalia Muigai kifungua mimba, wajina wangu, kisha Waceke, Ngotho na Nduta, ambao mnawaona mbele yenu, na idadi sitaitaja, wenyewe mnajua kwa nini watoto wa watu hawahesabiwi. Alichuma kahawa katika mashamba ya hapa kwa miaka mingi, kisha mwezi Machi 1950 akapata kazi Thika, katika kiwanda cha kutia mananasi kwenye mikebe, akawa mmenyaji, na jioni alirudi vidole vimechunika kwa ukali wa maji ya tunda lile, akaingia jikoni akiimba.

Mwezi Aprili 1954, wakati huu wa Hali ya Hatari, mumewe alikamatwa Nairobi pamoja na wanaume wengine, akapelekwa kizuizini, na marehemu akakosa kibali cha kwenda Thika, hivyo kazi ikaisha. Mwezi Oktoba mwaka huohuo tulihamishiwa sote katika kijiji kile kipya chenye handaki na geti, mashamba yakabaki mbali na saa za kutoka zikawa chache, na hapo sisemi zaidi, maana leo tumekuja kuzika. Linalohusu maisha yake ni kwamba kufikia mwanzo wa 1955 nywele za watoto wengi zilikuwa zimegeuka nyekundu, matumbo yamevimba, na Nduta wake, kitinda mimba, alikuwa na miguu ambayo ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Mwezi Juni 1955 ndipo lori la Bwana Idarous wa Majengo, Thika, lilipoingia getini likiwa na mapipa ya maziwa ya unga yaliyotumwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya watoto, na ndani yake ameketi muuguzi kutoka Denmaki, mama mrefu ambaye wanawake walimwita Nyina wa Iria, yaani mama wa maziwa, hata leo jina lake la kwao wengi wetu hatulijui. Mwanzoni yalitushinda, kwa maana nyanya mmoja aliuona unga ule mweupe akaudhani chokaa ya kubarikia, akampaka mjukuu wake kwenye paji la uso, na nzi wa kijiji kizima wakamfuata yule mtoto mpaka jioni. Marehemu, kwa kuwa alikuwa na kile Kiingereza chake, aliwekwa kuwa msaidizi wa muuguzi, achemshe maji, akoroge, agawe.

Muuguzi alieleza kwamba waliotuma maziwa ni watu wa nchi nyingi, kila nchi imetoa chake, na hawawezi kuleta zaidi bila kujua watoto ni wangapi, maana na wengine kwingine wanangoja. Neno hilo lilikuwa la haki kabisa. Basi marehemu, kwa haraka ya kutaka watoto wanywe, na Nduta wake akiwa kwenye mstari, alifanya jambo ambalo hakuna Mkikuyu aliyelelewa vizuri angelifanya, maana kwetu kumhesabu mtoto ni kumwitia kifo, alipita mbele ya watoto akiwanyooshea kidole, akawahesabu kwa sauti mmoja baada ya mwingine.

Wiki iliyofuata surua ikamchukua mtoto wa kiume wa Mwihaki, jirani yetu wa mlango wa pili. Surua ilikuwa kijijini tangu kabla ya hesabu, kila mtu alijua hivyo, lakini mwenye uchungu hashauriwi na kalenda, na asubuhi ya pili marehemu aliwasha moto, akachemsha maji, akakoroga, na hakuna mama aliyeleta mtoto isipokuwa yeye mwenyewe. Wanawake walipishana naye njiani bila salamu. Alimwambia mama yetu kwamba afadhali angalipigwa, na siku zile alilia akiwa ameinama juu ya sufuria, ili aonekane ni moshi.

Siku ya Ijumaa muuguzi alimweleza kwa upole kwamba mkuu wake ameamua, lori likija kesho na hakuna wanywaji wa kuhesabiwa upya, mapipa yatapelekwa mahali pengine, na yeye hana uwezo wa kulizuia. Marehemu hakumlaumu, alijua kwamba mama yule naye ametumwa, ila aliporudi nyumbani alimtazama Nduta miguuni, akawaza watoto wa wenzake ambao hawakuwa na tone lolote, na akajiona kuwa yeye ndiye atakayewaua.

Jumamosi asubuhi, lori likiwa limekwisha kufika na vijana wa Bwana Idarous wakianza kubingirisha pipa la kwanza kulipakia, Mwihaki alitoka nyumbani kwake akiwa bado amenyoa kichwa kwa msiba, mkononi ameshika vibuyu viwili vya watoto wake waliobaki, akavipanga juu ya meza mbele ya watu wote. Alisema, "Mama Muigai, hesabu vibuyu. Watoto wangu waache."

Marehemu alitafsiri, na muuguzi akaitazama karatasi aliyopewa, ambayo ilidai watoto na haikutaja vibuyu popote. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake kilichovunjika kama kila kibuyu ni cha mtoto mmoja tu, Mwihaki akaitikia kwa kichwa, na muuguzi akasema, "Basi mimi nahesabu hivi. Watoto ni wa Mungu." Nyumba moja baada ya nyingine wanawake wakaja na vibuyu, vikombe vya bati na mikebe mitupu ya samli, meza ikajaa, vingine vikapangwa chini, na Bwana Idarous mwenyewe, Mwislamu aliyekuwa hana mtoto kijijini mle, akavua kanzu akasaidia kupanga. Mapipa yakashushwa, na Nduta leo ana miguu ya kukimbia mpaka anaudhi.

Tangu siku ile marehemu na Mwihaki waliendesha jiko lile pamoja. Msidhani tulikuwa wa kupewa tu, kwani maziwa yalitoka mbali, lakini kuni zilikuwa zetu, maji ya mtoni yetu, migongo iliyoyabeba yetu, na ni muuguzi aliyesimama mbele ya mkuu wa geti akidai kwamba mama anayechota maji ya mtoto ana haki ya kutoka kabla ya saa ya wengine, akapewa. Mwanzoni mwa 1957 muuguzi alisimulia kwamba huko Ulaya maelfu wamekimbia nchi yao na wanalala kambini kwenye theluji, na marehemu alishangaa sana, akasema, "Kumbe Wazungu nao hufukuzwa kwao," kisha akauliza hao wakimbizi wanabebea vitu vyao nini. Wanawake wa kijiji wakasuka viondo, vikapu vyetu vya kamba, ambavyo muuguzi alivituma, na baada ya miezi picha ikarudi ya mama wa Kizungu mwenye kilemba, ameshika kiondo mkononi badala ya kukitundika kichwani, na wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini.

Tarehe 15 Februari 1958 mumewe alirudi, akamkuta mkewe ni mtu wa kuitwa kwenye mikutano, na waliishi kwa furaha ambayo sisi ndugu tuliiona na kuionea wivu.

Mwezi Juni mwaka huu alianza kuvimba uso kwa ugonjwa wa figo, akalazwa Thika tarehe 2 Septemba, ambako alihudumiwa na daktari wa Kihindi na wauguzi kutoka pande zote za nchi, akawa anawauliza wageni swali moja tu, nani anachemsha maji ya watoto. Alituaga siku ya Jumapili, tarehe 11 Oktoba 1959, mumewe akiwa kando ya kitanda.

Familia inamshukuru daktari pamoja na wauguzi, wamenyaji wenzake wa kiwandani, Bwana Idarous aliyeleta jeneza kwa lori lake, Nyina wa Iria aliyeko kwao sasa, na watu wa nchi zile ambao hatutawahi kuwaona, waliokamua ng'ombe wao kwa ajili ya watoto ambao nao hawatawaona. Majirani, mmetubeba. Mwihaki amechelewa kufika hapa, na baadhi yenu mmenong'ona, basi mjue kwamba alikuwa jikoni, hakutaka siku hii iwe ya kwanza watoto kukosa.

Pumzika kwa amani, Mama Muigai. Maji yalichemka, watoto wamekunywa, wameshiba.